Oili ya Uzito Gani kwa Subaru ya Turbo? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa wenye Impreza WRX na STI za injini ya EJ20 yenye turbo, pamoja na Forester na Legacy zenye injini ya ukoo huo. Ndizo gari za spoti zilizojaa barabara zetu, na sina shaka mapenzi hayo yana mkono wa Safari Rally ya 1997, pale Colin McRae aliposhinda na Impreza. Mwenye gari jingine la spoti naye atapata la kumfaa, maana hesabu ya oili ni ileile, kinachobadilika ni majibu.

Namba kama 5W-40 zinasema nini hasa?

Zinasema mambo mawili, na wengi huyachanganya. Namba ya mbele, yenye W, ni tabia ya oili ikiwa ya baridi. W imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba ya nyuma ni uzito wa oili ikiwa imeshapata moto wa nyuzi 100 za Selsiasi. Viwango hivi huwekwa na SAE, chama cha wahandisi wa magari, katika waraka wao uitwao J300. Kwa mujibu wake, oili ya 30 huwa na mnato (ndio huo tunaouita uzito) wa sentistoki 9.3 hadi chini ya 12.5 kwenye nyuzi 100. Ya 40 ni kuanzia 12.5 hadi chini ya 16.3, na ya 50 ni kuanzia 16.3 hadi chini ya 21.9.

Itazame mipaka hiyo vizuri. Oili ya 30 inaweza kuwa na 12.2 na ya 40 ikawa na 12.8. Chupani namba ni tofauti, lakini ndani ni kama kitu kimoja. Ndiyo sababu kabla ya kununua hutafuta kwanza karatasi ya vipimo ya oili yenyewe kwenye tovuti ya mtengenezaji, nisome sentistoki zake.

Je, ni kweli 5W-40 ni nyepesi ikiwa baridi na huwa nzito ikipata moto?

Hapana. Hakuna oili ya injini inayozidi kuwa nzito kwa kupashwa moto. Oili ya kawaida ya 5W-40 asubuhi ya nyuzi 20 ina mnato wa karibu sentistoki 200, na ikifika nyuzi 100 inabaki na 13 au 14 hivi. Yaani asubuhi ni nzito karibu mara kumi na tano kuliko inavyotakiwa iwe kazini. Alama ya 5W ina maana kwamba kwenye baridi kali oili hiyo haigandi kama ya 15W; haina maana kwamba asubuhi ni maji.

Hapa ndipo ilipo sababu ya kutokanyaga gari likiwa baridi. Sindano ya joto la maji kwenye dashibodi hufika katikati mapema, dereva akadhani mambo yako tayari, kumbe oili bado iko nyuma. Ikifika katikati, endesha kwa upole dakika tano au kumi zaidi kabla hujaiita turbo.

Huku kwetu hakuna theluji. Ya nini kununua 0W au 5W?

Swali zuri. Oili ya 5W hupimwa uwezo wa kuachia injini izunguke kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 10W kwenye 25 chini ya sifuri, na 15W kwenye 20 chini ya sifuri. Hata usiku wa Julai kule Limuru au Njombe hatukaribii huko. Kwa suala la kuwaka tu, namba ya mbele haitusumbui.

Ina faida ndogo, hata hivyo: oili yenye namba ndogo mbele huwahi kufika kwenye turbo na kwenye kamshafti unapowasha gari lililolala. Ina gharama yake pia. Kadiri namba mbili zinavyoachana, ndivyo oili inavyohitaji kemikali zaidi za kushikilia mnato, na kemikali hizo hukatwakatwa na injini kadiri kilomita zinavyokwenda, oili ikapungua uzito. Kwa hali ya hewa yetu 5W-40 au 10W-40 nzuri inatosha kabisa. Siongezi pesa kwa ajili ya 0W peke yake.

Kitabu cha gari kinasema 5W-30, fundi anasema 20W-50. Nimsikilize nani?

Anza na kitabu, lakini kisome chote. Wengi tumepata gari kutoka Japani na kitabu cha Kijapani, tukakitupa kwenye buti. Kitoe. Maandishi huyaelewi, lakini namba zinasomeka, na jedwali la joto na uzito wa oili linajieleza lenyewe.

Ukipata kitabu cha Kiingereza cha Subaru za miaka ya 2000, utakuta 5W-30 imetajwa kama oili ya kawaida. Chini yake kuna maelezo ambayo watu huyaruka: gari likitumika jangwani, kwenye joto kali sana, au kwa kazi nzito kama kuvuta trela, wanaruhusu oili nzito zaidi, zikiwemo 40, 10W-50 na 20W-50. Kwa hiyo aliyeitengeneza injini hakusema ni 30 au kufa. Alisema uzito uende na kazi.

Fundi naye ana sababu zake. Mafundi wetu wakubwa walilelewa na Peugeot 504 na Datsun, injini zenye nafasi kubwa kati ya chuma na chuma, na 20W-50 ilizifaa. EJ20 si injini ya namna hiyo. Nafasi kati ya beringi na krenki ni nyembamba kuliko unywele, na EJ nyingi za kuanzia miaka ya 2000 zina mfumo wa AVCS unaogeuza kamshafti kwa nguvu ya oili, kupitia matundu madogo. Ukitia 20W-50 asubuhi ya baridi, oili inachelewa kufika, AVCS inazubaa, na turbo inazunguka ikiwa kavu kwa sekunde usizozihitaji. Mheshimu fundi, lakini muulize: injini hii ulishaifungua? Ulipoifungua, ulikuta nini kwenye beringi?

Basi nichague 30, 40 au 50?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu langu ni moja: chagua kwa joto la oili. Joto la mji unaokaa halitoshi kukuamulia, wala umri wa gari, wala nguvu zilizoandikwa kwenye karatasi za mnada. Beringi haijui kama uko Mombasa au Nakuru. Inachojua ni unene wa utando wa oili uliopo kati yake na krenki kwa wakati ule, na unene huo unaamuliwa na joto la oili pamoja na mzigo.

Hesabu yake ni hii. Oili ya 40 yenye sentistoki 13.5 kwenye nyuzi 100, ikifika nyuzi 115 inabaki na 10 hivi. Hiyo 10 ndiyo oili ya 30 inayokuwa nayo kwenye nyuzi 100. Kwa maneno mengine, aliyeunda injini kwa oili ya 30 na joto la 100 alitaka beringi ipate karibu 10. Ikiwa oili yako inafika 115 kwa muda mrefu, unahitaji 40 ili uendelee kumpa alichokitaka. Hujatia oili nzito hapo. Umerudisha uzito ulioliwa na joto.

Nilifunga geji ya joto la oili kwenye WRX yangu kwa sababu nilichoka kubishana bila vipimo. Kwenye foleni ya Thika Road na safari za kawaida za mjini ilikaa kati ya 92 na 98. Barabara ya Mombasa, mwendo wa kilomita 100 kwa saa, ilikuwa 100 mpaka 103. Siku moja nikapanda kutoka Mai Mahiu kurudi juu Kimende, mchana, watu wanne ndani, turbo ikifanya kazi mlima mzima kwa gia ya tatu. Sindano ilipita 110 nikiwa sijafika nusu, na juu ilisoma 118. Nilikuwa na 5W-30. Sikuona taa wala kusikia mlio, na dashibodi ya kawaida isingeniambia lolote. Wiki iliyofuata nikamwaga na kutia 5W-40, na sijarudi nyuma.

Kwa hiyo:

Gari la kwenda kazini, halijaguswa kompyuta, dereva mtulivu, oili haipiti 100 au 105: 5W-30 ya sinthetiki yenye sifa nzuri inafaa, na mtu asikutishe.

Gari linalopandishwa milima kwa kasi, linalobeba watu na mizigo safari ndefu, au lililoongezwa nguvu kwa kompyuta: 5W-40. Kwa EJ20 nyingi ninazozijua huku kwetu, hapa ndipo zinapoangukia. Mwenye kupanda Kitonga kila mwezi na gari limejaa ajihesabu hapa.

Gari la mashindano, linalokanyagwa dakika ishirini mfululizo na oili kupita 120: 10W-50 ina nafasi yake, pamoja na rejeta ya oili. Nasema pamoja. Mtu anayetia 50 ili asinunue rejeta amefunika jeraha bila kuliosha.

HTHS ni nini, na inanihusu?

Inakuhusu kuliko namba ya mbele. Sentistoki hupimwa oili ikitiririka polepole kwa uzito wake yenyewe. Ndani ya beringi mambo si hivyo: oili inasagwa kwa kasi kubwa kwenye nafasi finyu, ikiwa na moto. HTHS ni kipimo cha mnato kwenye nyuzi 150 huku oili ikisagwa hivyo. J300 inadai oili ya 30 iwe na angalau 2.9, na ya 5W-40 angalau 3.5.

Si oili zote za 30 zinazolingana. Zipo zilizotengenezwa kubana matumizi ya petroli, zina 2.9 au 3.0. Zipo nyingine za 5W-30 zenye 3.5 kwenda juu. Ukiona kwenye chupa alama ya ACEA (chama cha watengenezaji magari wa Ulaya) A3/B4 au C3, ujue HTHS yake si chini ya 3.5. Ukiona A5/B5, ujue iko kati ya 2.9 na 3.5. Kwa turbo inayofanya kazi, mimi sishuki chini ya 3.5. Mtu akiniambia kwao amepata 5W-30 tu, namwambia atafute yenye A3/B4 au C3, na hapo atakuwa karibu sana na mwenye 5W-40.

BMW M3 hutumia 10W-60. Kwa nini nisitie hiyo, nikae salama zaidi?

Kwa sababu 60 iliwekwa pale kwa ajili ya injini ile. M3 ya E46, yenye injini ya S54, ilisumbuliwa na beringi za konrodi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na BMW wakahamia 10W-60. Walikuwa wanatatua tatizo la injini yao, inayozunguka mizunguko 8,000 kwa dakika. Nissan GT-R ya R35 ina turbo mbili na nguvu maradufu ya WRX, na ilitoka kiwandani na 0W-40. Kama uzito mkubwa ndio usalama, Nissan wangekuwa wa kwanza kujua.

Oili nzito kupita kiasi ina madhara yake. Inachelewa kufika asubuhi. Inapita kidogo kwenye beringi, na oili ndiyo inayobeba joto kulitoa beringini, kwa hiyo ikipita kidogo joto linabaki. Inazalisha joto lake yenyewe kwa kusagwa. Na pampu ikizidiwa hufungua vali yake na kurudisha oili nyuma, geji ikakuonyesha presha nzuri wakati mtiririko umepungua.

Nina Toyota 86 au BRZ, imeandikwa 0W-20. Nayo niipandishe?

Injini ya FA20 isiyo na turbo ni nyingine kabisa, ilizaliwa na 0W-20. Kwa mjini, iache hivyo hivyo. Kwa anayeipeleka mashindanoni au kuikanyaga milimani, 5W-30 ni hatua ya busara. Kuruka mpaka 50 sioni sababu.

Gari limefika kilomita laki moja na nusu. Si lazima sasa liongezwe uzito?

Si lazima. Kilomita peke yake haziamui. Injini iliyomwagwa oili kwa wakati inaweza kufika huko ikiwa na nafasi zilezile za kiwandani, na nyingine ikachoka kwenye elfu themanini. Pima kwanza: presha ya oili ikiwa na moto, mbano wa kila silinda, na kiasi cha oili inayopotea kila kilomita 1,000. Vipimo vikiwa vizuri, baki ulipo.

Geji ya presha inashuka sana gari likiwa na moto na limesimama. Nitie oili nzito?

Usikimbilie hapo. Kwa EJ, presha inayotakiwa oili ikiwa nyuzi 80 ni kilopaskali 98 hivi injini ikiwa kwenye mizunguko 600, na 294 ikiwa kwenye 5,000. Kwa wanaotumia PSI, ni kama 14 na 43. Pima kwa geji ya kufunga kwa mkono, usiamini kihisi cha zamani.

Ikiwa kweli iko chini, kuna kitu. Inaweza kuwa oili imechanganyika na petroli kwa safari fupi fupi na injini inayochoma petroli nyingi. Nusa kijiti cha oili, utaisikia. Inaweza kuwa pampu. Inaweza kuwa mrija wa kuvutia oili ulioko ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ambao kwenye baadhi ya EJ za turbo umejulikana kupasuka kwenye maungio na kuanza kunyonya hewa. Inaweza kuwa beringi zimeshaliwa. Oili nzito itainua sindano, na wewe utalala usingizi mzuri huku ugonjwa ukiendelea.

Inakula oili. Uzito mkubwa utasaidia?

Wakati mwingine kidogo. Lakini jua kwanza inakwenda wapi. Moshi wa bluu ukitoka unapoondoka baada ya gari kusimama na injini ikiwaka, fikiria mihuri ya vali au ya turbo. Moshi ukiwa umekanyaga, fikiria ringi za pistoni. Bila moshi, lala chini uangalie vifuniko vya vali: EJ ni injini iliyolala, silinda zimetazamana kushoto na kulia, na gasketi za vifuniko hivyo huvujia kwenye bomba la moshi. Harufu ya oili inayoungua ukisimama kwenye taa za barabarani mara nyingi ni hiyo.

Nairobi iko juu, karibu mita 1,800. Urefu huo unabadilisha chochote?

Haubadilishi namba moja kwa moja, ila unasukuma joto. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo turbo inazunguka kwa kasi zaidi ili kufikisha msukumo uleule, na inapata moto zaidi. Hewa hiyohiyo nyepesi inabeba joto kidogo kutoka kwenye rejeta. Watu hudhani ubaridi wa Nairobi unalipa deni lote, na kwenye mwendo wa kawaida ni kweli. Kwenye mlima mrefu si kweli. Geji itakuambia.

Sinthetiki au ya madini?

Kwa turbo, sinthetiki. Turbo inaipika oili kwenye shimoni yake, na oili ya madini inageuka masizi magumu mapema zaidi. Kwenye EJ zenye AVCS kuna vichujio vidogo ndani ya boliti za njia ya oili. Masizi yakiviziba, turbo inakosa oili na kufa. Nimeshika turbo iliyokufa hivyo: shimoni lilicheza mkononi kama jino la mtoto, na boliti yake ilikuwa imejaa kitu cheusi kigumu kama gamba la ukoko wa wali. Aliyefunga turbo ile mara ya pili hakuisafisha boliti, na turbo mpya ikafa nayo.

Herufi za API na ACEA nazichaguaje?

Kwa herufi za API, taasisi ya petroli ya Marekani, SP ndiyo ya kutafuta. Ilianza 2020, na ina ulinzi dhidi ya mlipuko wa mapema kwenye mwendo mdogo, unaovunja pistoni za injini za turbo zenye sindano za petroli ndani ya silinda. EJ20 haina sindano za namna hiyo, lakini FA20 ya turbo kwenye Levorg na WRX S4 inazo, na wenye gari hizo wasishuke chini ya SN Plus. Kwa ACEA, A3/B4 au C3 kama nilivyosema. C3 ni laini zaidi kwa katalisti.

Naweza kuchanganya 30 na 40?

Ukiwa njiani na oili imepungua, ndiyo, bila wasiwasi. Ongeza unachopata chenye sifa zinazokaribiana. Kukaa na oili pungufu ni kubaya mara nyingi zaidi kuliko kuchanganya. Ila usiifanye desturi, maana hutajua tena una nini ndani.

Napimaje kiwango cha oili kwenye EJ?

Hapa naomba ukae unisome kwa makini, maana injini nyingi za WRX ambazo watu husema zimeuawa na oili ya namba mbaya ziliuawa na oili kidogo.

Weka gari mahali sawa. Zima, subiri dakika tano au zaidi ili oili irudi chini. Chomoa kijiti, kifute kabisa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Sasa kigeuze utazame pande zote mbili. Kwenye EJ mara nyingi upande mmoja unasoma juu kuliko mwingine, kwa sababu oili inapakaa kwenye mrija wakati wa kuchomoa. Upande wenye kusoma chini ndio ukweli. Ukiwa na shaka, pima asubuhi kabla hujawasha. Hapo usomaji hutulia.

Kati ya alama ya L na ya F kuna takriban lita 1. Injini yenyewe inabeba lita 4 na kidogo. Kwa hiyo ukiwa kwenye L umeshapoteza karibu robo ya oili yote, na gari bado halijakuambia kitu. Taa nyekundu ya oili ni ya presha, haipimi kiwango. Ikiwaka kwenye kona, maana yake oili imekimbilia pembeni na pampu imenyonya hewa, na beringi za konrodi zimeshasikia. Pima kila unapojaza tangi. Mimi huweka kwenye nusu ya juu karibu na F, wala sipitishi F.

Nimwage kila baada ya kilomita ngapi?

Kilomita 5,000 kwa gari la turbo linalotumika kawaida, hata kama chupa inaahidi 15,000. Linalokanyagwa, 3,000. Wa mjini ahesabu pia masaa: gari linalokaa foleni saa mbili kila siku injini inafanya kazi huku kilomita hazisogei. Badilisha filta kila mara.

Nitajuaje kama oili ni feki?

Duka moja mjini lilishawahi kuniuzia chupa nzuri kabisa kwa macho. Kilichonishtua ni kwamba kwenye nyuzi 20 ilimiminika kama mafuta ya kupikia. Nikaiacha kwenye kopo usiku kucha, asubuhi ikajitenga tabaka mbili. Tangu hapo nanunua kwa waagizaji wanaotambuliwa na kampuni yenyewe, nikidai risiti. Angalia muhuri wa kifuniko, namba ya toleo kwenye chupa, na alama ya KEBS au TBS. Bei ikiwa nusu ya duka jingine, umeshajibiwa. Na chupa tupu zako zitoboe kabla ya kutupa, maana zinaokotwa na kujazwa upya.

Zile chupa ndogo za kuongezea oili uzito?

Acha. Oili nzuri imeshapimwa na kemikali zake. Kinachoongezwa juu kinaharibu mizani hiyo.

Nimefungua injini na kuifunga upya. Nianze na oili gani?

Anza na ya madini, 10W-30 au 10W-40, ili ringi zikae kwenye silinda. Kabla ya kuwasha, zungusha injini kwa stata huku umekata moto wa plagi, mpaka geji ionyeshe presha. Iwashe, ipate moto, imwage ndani ya kilomita 50 za kwanza. Tia nyingine ya madini, endesha kwa mizigo inayopanda na kushuka bila kushikilia mwendo mmoja, imwage kwenye 1,000. Baada ya hapo ndipo uingie kwenye sinthetiki uliyoichagua.

Kila unapomwaga katika hatua hizi, kata filta kwa msumeno wa bati au kisu chake maalumu, nyoosha karatasi yake iliyokunjwa, uiweke juani. Chembe chache ndogo kwenye mwago wa kwanza ni za kawaida. Ukiona vumbi linalong'aa kama fedha kwenye mwago wa pili, usiwashe tena gari. Shusha injini na uigawanye bloku uangalie beringi za konrodi kabla krenki haijaguswa, maana kwenye EJ hazifikiki kwa kufungua sampu tu.